Injini ya Mtu Mmoja

Kibosho,
21 Aprili 1996

Mpendwa mdogo wangu Hilda,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na binti yetu Eunike, katika joto lenu hilo la Dar es Salaam. Sisi huku tu wazima. Mvua inanyesha tangu Pasaka bila kupumzika na barabara yetu imekuwa uji. Mama hajambo ila magoti. Anakula, anagomba, na kila jioni anauliza umesema utakuja lini. Nimemwambia umesema karibuni. Najua hukusema, lakini nilichoka kuulizwa. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike, na kahawa imebeba vizuri mwaka huu, bei tunamwachia Mungu.

Sasa neno lililonishikisha kalamu. Hilux imekufa. Fundi Yoramu wa Kiboriloni ameifungua injini, kisha akaifunika kwa gunia kama maiti. Anasema bloku imepasuka na haishoneki. Nilishuka mjini kwa Ramnik, yule mwenye duka la spea ambaye baba yake alikuwa akimuuzia baba yetu. Amesema injini mpya za aina hiyo hazitengenezwi tena, ila huko kwenu zimejaa za mtumba kutoka Japani, zimepangwa barabarani kama mikungu ya ndizi. Ameniandikia aina yake kwenye karatasi, 12R. Nimekuwekea karatasi hiyo ndani ya bahasha.

Nisaidie kutafuta, Hilda. Kina mama ishirini na wawili huleta maziwa getini kwangu kila alfajiri niwapelekee mjini, unawajua. Sasa wanayabeba kichwani hadi barabara kubwa, na mengine yanafika yameganda. Wamekaa kikao wakanipa hadi Krismasi. Baada ya hapo watampa kazi jirani yetu mmoja aliyenunua gari jipya. Nikiyapoteza maziwa nitabaki mzee wa kukaa kibarazani na kuhesabu kuku. Pesa nitampa Wenseslaus, dereva wa lori la ndizi, anakuja Dar kila wiki.

Usiniulize ilikufaje. Imechoka tu.

Ni mimi kaka yako,
Basili

*

Dar es Salaam,
14 Mei 1996

Kaka Basili,

Shikamoo. Eunike naye anakuamkia, anasema shikamoo mjomba. Yuko kidato cha sita na amekuwa mrefu kunipita. Sisi wazima. Mvua ya huku imeingia chumba cha mbele bila kubisha hodi, na mimi niko zamu ya asubuhi hospitalini mwezi huu wote, ndiyo maana nimechelewa kukujibu. Mwambie Mama namsalimu sana na kwamba wewe ni mwongo.

Barua yako ya mwisho kabla ya hii ilikuwa ya mwaka tisini na mbili, ulipotaka dawa ya ng'ombe. Safari hii unataka injini. Naona umenipandisha cheo.

Nitaitafuta. Lakini kaka, gari halifi kwa kuchoka. Mimi ni nesi, mgonjwa akiniambia amechoka tu huwa nampima homa. Fundi wa mtaani kwetu anauliza ilikufaje, ajue kama na radieta imeharibika. Niandikie ukweli.

Na kuna neno langu mimi. Mwezi wa nane Eliakim atatimiza miaka mitatu kaburini. Hukuja harusini kwetu kwa sababu yeye alikuwa Mlutheri wa Machame na sisi Wakatoliki wa Kibosho, hilo nililizoea. Tulipomzika niliangalia uso wa kila mtu aliyekuja, wako sikuuona. Mpaka leo hujawahi kuliandika jina lake. Injini nitaitafuta hata usiponijibu hili, maana chai ya Mama ni ya maziwa hayo. Ila nataka ujue kwamba nasubiri pole yako, na kwamba kusubiri kunaniuma.

Corona yake bado iko uani chini ya turubai. Kila Jumamosi naiwasha, naisikiliza kidogo, naizima. Sijui kuendesha wala sitaki kujifunza. Na kwa kuwa nakujua kichwa chako, nakuambia mapema kwamba haiuzwi.

Mdogo wako,
Hilda

*

Kibosho,
2 Juni 1996

Mdogo wangu Hilda,

Marahaba, na Eunike pia marahaba. Kidato cha sita ni jambo kubwa, mwambie mjomba amefurahi na ndama yule jike ni wake, akija atampa jina. Mama amesema mimi si mwongo, ni wewe mkaidi. Mvua zimepungua. Parokiani tulikuwa na kipaimara, Askofu alikuja, watoto walikuwa mia na zaidi. Wimbo wa kuanzia ulianzishwa juu mno hata wanakwaya wakafika katikati wamenyamaza, akabaki mama mmoja tu anaimba peke yake kwa ujasiri.

Kuhusu gari, lilichemka. Ilikuwa kwenye mlima, maji yakaisha. Ndiyo hivyo, mwambie huyo fundi wako. Radieta nayo imeharibika, nimeshapata nyingine.

Pesa nimempa Wenseslaus. Usinunue kwa mtu wa kwanza. Ukiona imepakwa rangi ya fedha inang'aa, pita mbali.

Kuhusu yale mengine uliyoyaandika, nimesoma.

Kaka yako,
Basili

*

Dar es Salaam,
9 Julai 1996

Kaka Basili,

Shikamoo. Tu wazima. Eunike amekubali ndama, amempa jina la Fizikia, ndilo somo linalomtesa. Mfikishie Mama kitambaa nilichompa Wenseslaus, asikifungie sandukuni kusubiri mazishi, akishone avae.

Sasa sikia vituko vya dada yako. Nimeshazunguka kwa wauza injini mara nne. Ramnik alisema kweli, zimejaa barabarani, na kila muuzaji anaapa kwamba yake imetoka Japani juzi kwa mzee aliyekuwa anaendea kanisani tu. Nikawauliza, huko Japani kanisani wanaenda wangapi? Mara ya kwanza walinizungusha kwa sababu ni mwanamke. Mara ya pili nilitoka zamu moja kwa moja, nina sare, nina kipimo cha kusikilizia moyo shingoni. Muuzaji akaiwasha. Nikavaa kipimo, nikakiweka kwenye bloku. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Nikasikiliza ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Nikamwambia, "Baba, silinda yako ya tatu inagonga." Wakaacha kucheka. Fundi akaifungua, kweli, ringi zimevunjika. Sasa nikipita wananiita Daktari na kunipa kigoda.

Lakini nzuri sijapata. Moja ilikuwa na ufa uliozibwa kwa gundi na kupakwa hiyo rangi ya fedha uliyoisema. Nyingine ilitoa moshi hata majirani wakatoka nje.

Umeandika kwamba Hilux ilichemka kwenye mlima. Nilimuuliza Wenseslaus. Anasema gari lako lilikokotwa kwa trekta kutoka barabara ya Machame. Kaka, miaka ishirini hujakanyaga Machame. Ulikuwa unatafuta nini huko?

Hilda

*

Kibosho,
11 Agosti 1996

Hilda,

Sisi wazima. Mama ameshona kitambaa na amekivaa misa ya kwanza, misa ya pili na kikao cha jumuiya.

Ni mwezi sasa sijapata barua yako. Kina mama watatu wameshahama, wanapeleka maziwa kwa yule jirani. Kila asubuhi gari lake linapita getini kwangu, na nina hakika anapiga honi kwa makusudi. Nimebaki naosha Hilux isiyo na injini ili watu wanione nina kazi. Kama umeshindwa kutafuta niambie, nisiendelee kuwadanganya hawa kumi na tisa waliobaki.

Kuhusu Machame, Wenseslaus aendeshe lori lake.

Basili

*

Dar es Salaam,
17 Septemba 1996

Kaka Basili,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Mwezi wa nane ni mwezi mgumu kwangu, unajua kwa nini, na sikuwa na moyo wa kuandika. Sasa sijambo. Eunike anajiandaa na mitihani ya majaribio na anamuulizia Fizikia kila siku, yule wa ng'ombe, siyo wa daftari.

Injini imepatikana. Ni 12R, si ya Japani juzi, ni ya hapahapa. Ilikuwa ya mtu mmoja tu tangu mpya, mtunzaji sana. Aliyebaki nayo alikuwa mgumu kuitoa na ilimchukua miezi kukubali. Nimeisikiliza silinda zote nne, haina kasoro. Nimeisafisha kwa mafuta ya taa kwa mikono yangu na kuipaka rangi nyeusi.

Wenseslaus ataifikisha ikiwa imefungwa ndani ya godoro kuukuu. Asiitupe, awepo Yoramu na watu wanne wa kuishusha. Na pesa zako anazo, zote, kwenye bahasha. Mwenyewe hakutaka pesa. Mnunulie Mama blanketi zito.

Masharti yaliyokuja nayo ni haya. Oili ibadilishwe kwa wakati. Isipakiwe kupita kiasi. Na isichemshwe, kaka, hata siku moja, nakuomba sana. Usiniulize zaidi ya hapo.

Dada yako,
Hilda

*

Kibosho,
20 Oktoba 1996

Mpendwa dada yangu Hilda,

Salamu nyingi kwako na kwa Eunike. Mama yuko chini ya blanketi lako na hataki kutoka. Fizikia ameanza kula majani. Kahawa tunachuma. Kina mama wote ishirini na wawili wamerudi, na wameongezeka wawili. Hizo ndizo habari za nyumbani, sasa niache niandike ya moyoni, maana nisipoyaandika leo sitayaandika tena.

Injini ilifika salama. Nilisoma masharti yako nikawaza, mtu gani huyu anayetoa injini nzuri bure? Lakini nilinyamaza, shida ina adabu yake. Yoramu kabla ya kuifunga alitaka kurekebisha valvu, akafungua lile kava la juu. Akaligeuza. Akaniita, "Mzee Basili, njoo uone, humu ndani kuna shule."

Upande wa ndani wa kava kumechongwa kwa msumari, mistari imepangwa kama kwenye daftari. Kila mstari una tarehe, kilichofanyika, na alama. 12/7/87, oili, valvu, nane kwa kumi. 3/1/90, plagi mpya, saba kwa kumi, uvivu. Na wa mwisho, 27/6/93, oili, tisa kwa kumi, vema. Saba zote zimekatwa katikati kwa kistari.

Hilda, mwandiko ule naujua. Mwaka sabini na tano mwalimu mmoja wa Machame aliniandikia barua kuniomba dada yangu, kwa kuwa baba alikuwa amekwisha kufariki. Iliandikwa 7/7/75, saba zote tatu zimekatwa. Sikuijibu. Lakini sikuichoma pia. Imekaa kwenye mkebe wa biskuti pamoja na vyeti vyetu vya ubatizo, na mara nyingine nikitafuta cheti naikuta, naisoma, naifunga. Nilipanda nyumbani, nikaichukua, nikaja nayo gereji, nikaiweka kando ya lile kava. Nikakaa juu ya tairi nikalia mbele ya Yoramu na wateja wake.

Umetoa moyo wa gari la mumeo ili mimi nibebe maziwa. Na ulisema haliuzwi. Kweli, hukuliuza.

Sasa nikuambie ya Machame. Kwaresima hii niliungama kwa padre, akaniambia toba yangu haiko kanisani kwake, iko huko nilikokosa. Basi nikampikisha Mama pombe ya mbege, maana kwetu mtu haendi kuomba radhi mikono mitupu. Nikajaza pipa, nikakata jani la isale, lile ambalo ukimpelekea uliyemkosea hawezi kukukatalia msamaha. Jumamosi baada ya Pasaka nikaondoka kwenda kwa mama yake Eliakim. Sikumwambia mtu.

Mlima wa Machame ulinikuta radieta inavuja. Gari likachemka, maji yote yakatoka. Mfereji ulikuwa chini bondeni, njia inateleza, magoti yangu ni ya Mama. Nikageuka nikaliona pipa. Nikajiambia, mbege nayo ni maji, ina ulezi kidogo tu. Nikamimina debe zima, nikawasha, nikaongeza na nusu ya pili. Hilda, gari lilitoa povu puani. Ule ulezi uliganda ndani kama uji wa mzazi, injini ikapiga kelele moja ambayo sijawahi kuisikia, ikanyamaza moja kwa moja. Na wakati huohuo kwaya yao ya Kilutheri inatoka mazoezini, wote na vitabu vyao vya nyimbo, wakanikuta mimi, Mkatoliki wa Kibosho, nimelowa, ninainywesha Hilux pombe. Hakuna aliyenicheka. Wakanitafutia trekta, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mpaka mwezi wa sita gari lilinuka kama kilabu.

Nilirudi nimejiambia kwamba Eliakim amenikataa, na isale nikaitupa njiani. Nikaona aibu kukuandikia yote hayo, nikaandika imechoka.

Na siku ya mazishi nilikuwepo. Nilisimama barabarani, nje ya ule uzio wa masale nyumbani kwao, nikawasikia mnaimba. Nilisikia sauti yako. Miguu ilikataa kuingia, nikasimama hapo mpaka mmemaliza, nikashuka kwa miguu. Miaka mitatu nimetafuta namna ya kulisema hilo.

Jana Jumamosi nimekwenda tena. Isale mpya. Safari hii sikubeba mbege, nilibeba maziwa, na madumu mawili ya maji safi. Sikuyahitaji. Injini ilipanda mlima ule wote bila hata kukohoa, na mimi ndani nikisema, taratibu mwalimu, taratibu, tumefika.

Mama yake, Bibi Yuditha, alikuwa anaanika maharage. Nilipiga magoti nikampa isale kwa mikono miwili. Nikamwambia mimi ni nani, nikamwambia na injini ni ya nani. Alikwenda polepole kwenye gari, akaweka kiganja juu ya boneti, ikiwa bado ya moto, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akasema, "Umechelewa, baba. Lakini umemleta." Akanipeleka kaburini. Niliichomeka isale pale miguuni pake, na ikishika mizizi itakaa.

Pole, mdogo wangu. Pole sana kwa kufiwa na mume wako. Shemeji yangu Eliakim alikuwa mtu mwema, nilijua tangu nilipoisoma barua yake, na nilinyamaza kwa kiburi. Nisamehe.

Leo asubuhi nimemwomba Yoramu alifungue tena lile kava. Chini ya mstari wake wa mwisho nimechonga wangu. 19/10/96, Machame, bila kuchemsha. Nimeweka nafasi ya alama, sikuijaza. Siyo mimi wa kujisahihishia.

Kaka yako,
Basili

*

Dar es Salaam,
5 Novemba 1996

Kaka yangu Basili,

Shikamoo, kaka. Sisi wazima, wazima kabisa.

Barua yako niliisomea kazini. Nilipofika kwenye debe la mbege nilicheka mpaka wagonjwa wakaamka. Nilipofika barabarani nje ya uzio, ilibidi mwenzangu anishikie zamu. Pole yako nimeipokea. Nimeisoma mara nyingi na bado ninaisoma.

Nilikuwa nimekuficha nami. Mara tano nilimleta fundi aitoe injini, mara nne nikamrudisha. Ya tano ilikuwa siku ya kumbukumbu yake. Niliiwasha Corona, nikaisikiliza kwa kile kipimo, nikajiuliza Eliakim angesema nini kuhusu injini nzima inayokaa bure wakati maziwa ya watu yanaganda. Angeipa sifuri, kaka. Basi nikaiacha ije kwako. Yale ya ndani ya kava sikuyajua. Miaka kumi na minane ya ndoa, na kumbe alikuwa anasahihisha mpaka gari.

Mwambie Mama kwamba sasa nimesema, na nimesema kweli. Tunakuja Krismasi, mimi na Eunike. Utupokee stendi ya Moshi na Hilux hiyohiyo. Usipitie kwanza Kibosho, tupeleke Machame, halafu ndiyo nyumbani.

Alama yako ninayo, lakini siiandiki kwenye karatasi. Mwambie Yoramu alilegeze lile kava, na mnitafutie msumari mzuri.

Dada yako,
Hilda